Mpiga picha, nunua kamera inayokaa mkononi

Ubishi wa Canon na Nikon kati ya wapiga picha wetu hauishi, kama ule wa Simba na Yanga. Kubishana si kosa. Tatizo ni pale mjasiriamali anapotoa mtaji wake wote kwa kufuata ushabiki. Kamera ni kitendea kazi. Mkulima akienda dukani hushika mpini wa jembe kabla ya kulipa, na mpiga picha afanye vivyo hivyo.

Ukweli ni kwamba picha ya kawaida ya albamu ikishachapishwa, mteja hawezi kujua imetoka kwenye kamera ya kampuni gani. Tofauti kubwa iko mkononi mwa anayepiga. Kwenye Nikon nyingi, swichi ya kuwashia imezunguka kitufe cha kupigia, hivyo kidole kimoja huwasha na kupiga. Canon za daraja la kati, kama EOS 80D, zina gurudumu kubwa mgongoni linalozungushwa kwa dole gumba. Hata pete ya lensi ya kuvutia picha karibu, kwa kawaida huzunguka upande mmoja kwa Canon na upande wa pili kwa Nikon. Aliyezoea moja akishika nyingine ghafla, mkono hukosea, na bwana harusi hatarudia kumvisha mkewe pete kwa ajili yako.

Sony A6000, iliyotoka mwaka 2014, ni ndogo na nyepesi, na hukuonyesha mwanga wa picha kabla hujabonyeza. Hilo humsaidia sana anayejifunza. Lakini kwa vipimo vya kiwandani, betri yake hutoa picha 360 hivi, wakati Nikon D3500 ya mwaka 2018 hutoa 1,550. Kwa anayefanya kazi kijijini kusiko na umeme, hiyo ni tofauti ya kumaliza sherehe au kuishia katikati.

Lipo pia suala la lensi. Za Canon haziingii kwenye Nikon, wala za Nikon kwenye Canon. Na wanaonunua mtumba waangalie: D3500 haina mota ya kuendesha lensi za zamani za Nikon zisizo na mota yake, hivyo utalazimika kulenga kwa mkono.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kabla ya kulipa, shika kamera ikiwa na lensi yake kwa dakika kumi. Jaribu kubadili mwanga bila kutazama vitufe. Kisha uliza wenzako wa mtaani wanatumia ipi, maana siku lensi yako ikiharibika, ni wao watakaokuazima. Jina la kampuni haliwezi kukufanyia hayo.