Nahodha Haleti Upepo



Katika tafakari ya juma hili tunawaalika kuutazama mchezo ambao wengi wetu hatuufahamu kwa karibu, yaani besiboli, na klabu moja mashuhuri ya mchezo huo, New York Yankees ya Marekani. Hatukusudii kufundisha kanuni za mchezo. Tunakusudia kujibu swali moja: nahodha huwekwa kwa ajili ya nini?

Swali hilo linaletwa na hesabu za klabu yenyewe. Kati ya mwaka 1923 na 2009, Yankees walitwaa ubingwa wa World Series mara 27. Katika mara hizo, 19 klabu haikuwa na nahodha yeyote. Mara 8 tu ndizo walizoshinda wakiwa naye. Don Mattingly alikuwa nahodha tangu 1991 hadi 1995, akastaafu bila kucheza fainali hiyo hata mara moja. Mwaka uliofuata, klabu ikiwa haina nahodha, kombe likaja. Tena katika besiboli nahodha hana madaraka makubwa. Anayepanga wachezaji ni meneja, na vilabu vingi huendesha msimu mzima bila kumteua nahodha.

Mwenye haraka atasema basi cheo hiki ni pambo, kifutwe. Sisi hatukubaliani naye. Kosa lake ni kudhani kwamba nahodha huwekwa ili alete ushindi. Neno lenyewe tumelipokea kutoka baharini, na watu wa pwani wanajua kwamba nahodha wa jahazi haleti upepo. Kazi yake ni kubeba dhamana ya watu na mizigo, upepo uwepo au usiwepo. Historia ya Yankees inatuonyesha jambo hilo kwa njia tatu.

Kwanza, kipaji peke yake hakitoshi. Mwaka 1921 Babe Ruth alipiga mapigo makubwa 59, yale yanayomwezesha mpigaji kuvizunguka vituo vyote kwa mkupuo mmoja. Hakuna aliyewahi kuifikia idadi hiyo kabla yake. Mei 1922 akafanywa nahodha. Ikumbukwe kwamba alikuwa ndiyo kwanza anatoka kutumikia adhabu kwa kukiuka amri ya wakuu wa mchezo. Tarehe 25 ya mwezi huohuo alimrushia mwamuzi mchanga, kisha akaparamia majukwaa kumfuata mtazamaji aliyekuwa akimzomea. Unahodha wake ukakoma, nao ulikuwa haujatimiza juma zima. Mrithi wake alikuwa Everett Scott, mchezaji asiye na umaarufu wa Ruth, ambaye tangu 1916 hakuwa amekosa mchezo hata mmoja. Mfululizo wake ulipokatika mwaka 1925 ulikuwa umefikia michezo 1,307. Tunaona hapa wakuu wa klabu wakijifunza kwa gharama kwamba mtu anaweza kuwa wa kwanza kwa uwezo na asiwe tayari kujitawala. Na asiyejitawala hawezi kukabidhiwa wengine.

Pili, nahodha wa kweli hutambulika zaidi siku anapokaa kando. Lou Gehrig alipewa unahodha mwaka 1935. Alikuwa amecheza bila kukosa tangu 1925, akiwa na maumivu, homa na hata vidole vilivyovunjika. Mwaka 1939 nguvu zilianza kumtoka kwa namna asiyoielewa. Hakuna meneja ambaye angethubutu kumwondoa mtu wa namna hiyo. Tarehe 2 Mei, mjini Detroit, alimwendea meneja Joe McCarthy mwenyewe akaomba asipangwe, kwa manufaa ya timu. Kisha, kwa kuwa alikuwa nahodha, akaipeleka kwa waamuzi orodha ya wachezaji isiyokuwa na jina lake. Mfululizo wa michezo 2,130 ukaishia hapo. Siku hiyo Yankees walishinda 22 kwa 2.

Hebu tulitafakari jambo hilo. Timu ilishinda bila yeye, na kwa wingi. Mwenye kupenda cheo angeumia moyoni kuona kwamba wenzake wanaweza bila yeye. Gehrig aliendelea kukaa benchi pamoja nao msimu mzima, akiwa bado nahodha, hata baada ya madaktari kutambua kuwa ana ugonjwa usio na tiba wa mishipa ya fahamu. Alifariki tarehe 2 Juni 1941, akiwa na umri wa miaka 37.

Tatu, cheo kisigeuzwe kaburi la aliyekishika. Baada ya kifo cha Gehrig, McCarthy alitamka kwamba Yankees hawatakuwa tena na nahodha. Kwa takribani miaka 35 neno lake likashikwa. Tunaheshimu uchungu wake, lakini tunaona alikosea. Kumheshimu marehemu kwa kufunga nafasi yake ni kusema kwamba fadhila zake zilizikwa pamoja naye. Mwaka 1976 George Steinbrenner, mmiliki wa klabu, alimteua mdakaji Thurman Munson, mtu mkali wa maneno lakini asiyewakimbia wenzake. Munson alifariki tarehe 2 Agosti 1979, ndege aliyokuwa akiirusha mwenyewe ilipoanguka Ohio. Tarehe 6 timu ilihudhuria mazishi, ikarudi New York, na usiku huohuo ikacheza na kuwashinda Baltimore 5 kwa 4. Pointi zote 5 zilipatikana kwa mapigo ya Bobby Murcer, aliyekuwa ametoa neno la buriani mazishini. Safari hii kiti hakikufungwa milele. Mwaka 1982 akateuliwa mwingine, Graig Nettles.

Je, siku hizi? Desemba 2022 Aaron Judge alitangazwa nahodha siku ileile klabu ilipotangaza mkataba wake wa miaka 9 na dola milioni 360. Tulikuwa na haki ya kuhofu kwamba cheo kimegeuzwa kuwa nyongeza ya mshahara. Lakini katika mchezo wa mwisho wa World Series ya 2024, Yankees wakiongoza 5 kwa 0, Judge aliuangusha mpira mwepesi. Wapinzani wao Dodgers wakafufuka, wakashinda 7 kwa 6 na kutwaa kombe. Mbele ya waandishi hakumtafuta wa kumlaumu. Alisema mambo yalianzia kwake. Kwa maoni yetu, usiku ule wa kushindwa alionekana kuwa nahodha kuliko siku ya mkataba.

Ndugu zetu, wazee wetu walisema cheo ni dhamana. Tunapochagua mtu wa kutuongoza, katika timu, katika chama au katika kijiji, tumezoea kuuliza: ana uwezo gani, na atatupatia nini? Tuulize pia maswali mengine mawili. Akizomewa atafanya nini? Na siku nguvu zikimwishia, ataweza kuipeleka mwenyewe orodha isiyo na jina lake?