Sheria au Biashara?



Mwezi uliopita alitujia kijana mmoja wa hapa Mombasa, aliyepata kuwa mwanafunzi wetu chuoni. Ana shahada ya kwanza, na sasa ni karani katika kampuni ya kutoa mizigo bandarini. Akasema: "Maalim, nimeweka akiba nipate kusoma tena. Nisome sheria au nisome biashara?"

Tukamwuliza sababu. Ya biashara aliieleza kwa maneno mawili: mshahara utazidi. Ya sheria alikaa nayo tangu Alasiri hata ikakaribia Magharibi. Kwani shangazi yake alifiwa na mumewe akiwa na watoto, mashemeji wakaishika nyumba, na hata leo hajapewa thumni yake aliyoandikiwa na Mwenyezi Mungu. Moyo wa kijana umo katika jambo hilo, nasi twamsifu kwalo.

Hata hivyo hatukumshauri kwenda kusoma sheria sasa. Nchini Kenya shahada ya sheria ni ya miaka minne. Kisha yafuata mafunzo ya Chuo cha Sheria cha Kenya, na miezi sita ya kazi chini ya wakili mzoefu, kabla mtu hajaapishwa. Hiyo ni safari ya zaidi ya miaka mitano. Shahada ya pili ya biashara aghlabu ni ya miaka miwili, na viko vyuo vifundishavyo jioni, mtu asiache kazi yake. Na mama wa kijana huyu, pamoja na nduguze wawili wa kike, wala kwa mshahara wake. Kumlisha mama mhitaji ni faradhi juu yake. Kuwa wakili si faradhi.

Ama shangazi, haki yake haiwezi kungoja miaka hiyo yote. Mlango wa kadhi u wazi leo: Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 170, imempa mamlaka katika ndoa, talaka na mirathi ya Waislamu wanaokubali hukumu yake. Tukamwambia ampeleke wiki ile ile, vyeti vya ndoa na vya kifo vikiwa mkononi.

Wala asidhani kuwa mwenye kushika biashara ameitupa sheria. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul-Baqara, yahusu deni: yatuamrisha kuliandika na kuweka mashahidi. Imam Abu Hanifa, aliyefariki mwaka 150 wa Hijra, alikuwa mfanya biashara ya nguo mjini Kufa, naye ni imamu wa madhehebu. Mfanya biashara aandikaye mapatano yake huuzima ugomvi kabla haujafika mahakamani. Nduguze watakapomaliza skuli, na sheria ikiwa bado yamwita, na aiendee.

Enyi vijana, istikhara ni sunna, lakini si kungoja ndoto. Takeni shauri, hesabuni miaka na fedha, watazameni wanaowategemea, kisha salini rakaa mbili na mshike njia. Nanyi wazazi, msiwachagulie watoto kazi kwa ajili ya joho na jina.

Yule kijana aliondoka kimya, wala uso wake haukuonyesha kuridhika. Lakini Jumatatu alionekana kwa kadhi, yeye na shangazi yake.

Mwenyezi Mungu awawafikishe. Amin.