Beseni la kuogea likimeguka, usikimbilie rangi

Ndoo ya chuma imeponyoka mkononi, imegonga ukingo wa beseni kubwa la kuogea, na kipande cheupe cha ukubwa wa kucha kimeruka. Wazazi wengi huliacha pengo hilo hadi siku mtoto anapotoka majini na damu kwenye goti.

Mabeseni mazito ya nyumba za zamani ni chuma kilichopakwa unga wa kioo na kuchomwa kwenye tanuru kwa joto la nyuzi 800 hivi. Ndiyo maana yakimeguka yanakata kama chupa. Chuma kilichobaki wazi hushika kutu, na kutu hutambaa chini ya weupe na kuuinua, kwa hiyo pengo huzidi kukua. Lijaribu beseni lako kwa sumaku. Isiponasa, huenda ni la plastiki na lina matengenezo yake tofauti.

Si kila alama ni mkwaruzo. Mistari ya kijivu mara nyingi ni chuma cha ndoo kilichoachwa juu ya kioo, kama penseli kwenye karatasi. Koroga beking soda na maji kidogo, sugua kwa kitambaa laini, itatoka. Usitumie steliwaya, na asidi ya kusafishia choo iache chooni, maana inakula mng'ao. Ukiichanganya na jiki ndiyo balaa: hutoa hewa ya klorini inayochoma mapafu.

Pengo la kweli linazibwa kwa gundi ya epoksi ya kuchanganya mbili, nyeupe, inayouzwa maduka ya vifaa vya ujenzi. Kausha beseni siku nzima. Ondoa kutu yote kwa msasa hadi uone chuma kinachong'aa, futa kwa spiriti, kisha paka tabaka nyembamba, moja ikikauka ndipo nyingine. Ukipaka nene kwa pupa litabanduka. Likishakauka, lilainishe kwa msasa mwembamba, halafu usiliguse kwa maji kwa saa 24 au zaidi, kama pakiti inavyoelekeza. Hapa ndipo familia nyingi hushindwa, maana jioni watoto wanataka kuoga.

Msasa nao una masharti. Weupe wa mabeseni ya zamani unaweza kuwa na risasi, ile madini yenye sumu, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kwenye damu kinachojulikana kuwa salama. Inadhuru ubongo wa mtoto taratibu, bila dalili za kumshtua mzazi. Kwa hiyo lowanisha kabla ya kusugua, vumbi lisiruke, watoto wakae mbali, na kitambaa kilichotumika kitupwe. Kama uso wote umechakaa na ukiugusa unaacha unga mkononi, kiraka hakisaidii. Muogeshe mtoto kwenye beseni la plastiki, na kama alizoea kunywa maji ya kuogea, mpeleke hospitali uulizie kipimo cha risasi kwenye damu.

Fundi akisema ataondoa rangi yote na kupaka upya, muulize anatumia dawa gani. Nchini Marekani, kati ya mwaka 2000 na 2011, mafundi 13 wa mabeseni walikufa kwa kuvuta mvuke wa methilini kloraidi, dawa ya kubandua rangi. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, hujaa ndani ya beseni alikoinamia fundi, na dirisha dogo la bafuni haliutoi. Mtoto, mjamzito na mwenye pumu wasiwepo nyumbani siku hiyo, hata kama dawa ni nyingine.

Aliyekwisha kukatwa aoshwe kidonda kwa maji mengi na sabuni. Kutu yenyewe haileti pepopunda, bakteria ndio huileta, lakini kadi ya chanjo iangaliwe siku hiyohiyo. Na usiku huo, kama gundi haijapatikana, bandika utepe wa plastiki juu ya pengo. Hauzuii kutu, ila goti litapona.