Anza na mandhari, treni itakuja

Wasee, kujenga reli ndogo nyumbani si mambo ya watoto, na si ya wazee matajiri wa Ulaya pekee. Shida ni kwamba tunaanza na treni, tunaona bei, tunaachia hapo. Anza na mandhari.

Kipimo kinachotumika sana duniani kinaitwa HO, yaani 1 kwa 87. Mtu wa sentimita 174 anakuwa sentimita 2 tu. Hapo huhitaji doh nyingi. Chukua boksi, bandua karatasi ya juu: ile mikunjo ya ndani ni mabati tayari. Paka rangi ya fedha, kisha kahawia kidogo iwe kutu. Udongo mwekundu wa hapo nje, chekecha, umwage juu ya gundi nyeupe. Kokoto za reli ni mchanga mkavu: utandaze, unyunyizie maji yenye tone la sabuni, halafu udondoshe gundi iliyozimuliwa. Bila sabuni, gundi inakaa juu na haipenyi. Mgunga? Kijiti chenye matawi na sponji ya vyombo iliyopakwa kijani, bapa juu.

Kinachoniudhi ni kuona kila mtu akijenga theluji na misonobari ya Uswisi. Ni poa, lakini yetu atajenga nani? Reli ilianza Mombasa 1896, ikafika Nairobi 1899, Kisumu 1901. Huu mji ulizaliwa na reli. Mpaka leo njia ya zamani inakata Kibera katikati, biashara zikiwa hapo kando. Hiyo sijaiona kwenye pakiti yoyote ya dukani.

Na ukijenga, lazima uangalie. Mama wa nyanya anaweka meza wapi? Maji ya mvua yanapita wapi? Vibanda hubomolewa, na mara nyingi hakuna aliyevipima wala kuvipiga picha. Sisi ndio tunapita hapo kila siku, macho kwenye simu.

Shangazi yangu aliuliza, "Uliacha chuo ukacheze na maboksi?" Ndiyo, shangazi. Hakuna lekcha aliyewahi kunituma nikapime mtaro wa mtaa wetu.

Kwa hivyo chagua mita 50 za mtaa wako. Kwa HO ni kama sentimita 57, zinatosha juu ya meza. Treni itakuja siku ikija. Wewe umechagua wapi?