Aprili Tunapanda, Novemba Tunakuta Vijiti

Wanachuo wenzangu, kila ifikapo tarehe 1 Aprili, Siku ya Taifa ya Kupanda Miti, mambo ni yaleyale: fulana mpya, mgeni rasmi, picha, na mche wa parachichi shimoni. Kupanda sikupingi. Ninachopinga ni tarehe yenyewe, na ukimya unaofuata baada ya picha.

Pwani na kaskazini, Aprili ni masika. Kwetu Nyanda za Juu Kusini mvua ni ya msimu mmoja: huanza kuelekea Desemba, na Aprili inaaga. Tukuyu angalau unyevu unaendelea. Hapa Iringa, mche wa Aprili unapata wiki chache tu za mvua, halafu baridi ya Juni, halafu jua kali la Septemba. Na wakati huo sisi tuko field au likizo. Nani atabeba ndoo?

Wapo wanaosema mti ni mti, mbona paini za Sao Hill hazimwagiliwi? Jamani, paini hatuidai matunda. Mparachichi mizizi yake ya kujilisha iko juujuu, udongo ukikauka ndiyo inaanza kufa.

Pendekezo langu kwa serikali ya wanafunzi: zoezi lihamie Desemba, mvua ikishashika na mwaka wa kwanza wakiwa wamesharipoti. Shimoni tuchanganye udongo wa juu na debe la samadi iliyooza vizuri, maana mbichi huunguza mizizi. Mche ukichipua, tuupe CAN kidogo kidogo mvua ikiwa bado ipo, mbali na shina.

Kisha, kabla hatujafunga chuo, kila mche uwekewe matandazo: nyasi kavu au mabua ya mahindi, unene wa sentimita 10 hivi. Tuache nafasi ya kiganja kuzunguka shina lisije likaoza au kuliwa na mchwa. Matandazo yanatunza unyevu, yanazuia magugu, na yakioza yanakuwa chakula cha mti. Hayaondoi haja ya maji, ila yule mlinzi au mtunza bustani anayebaki atamwagilia mara chache zaidi.

Hela? Nyasi zinazofyekwa chuoni tunazichoma moto. Samadi itoke kwenye bajeti ya fulana.

Mche uliobebeshwa, ukitunzwa, huanza kuzaa kwenye miaka 3 hivi, sawa na digrii nyingi. Anayeupanda mwaka wa kwanza anaweza kuonja parachichi lake kabla ya kuvaa joho, na siku bumu limekata, parachichi na chapati si mlo wa kudharau.

Kwa hiyo waziri wa mazingira wa serikali yetu asitusomee bungeni idadi ya miche iliyopandwa. Chuo kikifunguliwa Novemba, apite aihesabu iliyo hai. Hiyo ndiyo namba ninayoitaka.