Lugha ya Nyumbani Ugenini

Mwaka 1956 majeshi ya Kisovieti yalipozima mapinduzi ya Hungaria, watu wapatao 200,000 waliihama nchi, wengi wao wakipitia Austria. Miongoni mwao walikuwamo walimu na wanafunzi wa chuo cha misitu cha mji wa Sopron. Kanada iliwapokea kwa pamoja, na Chuo Kikuu cha British Columbia, mjini Vancouver, kikawaachia wanafunzi hao wamalize masomo kwa Kihungaria. Kundi la mwisho lilihitimu 1961.

Hao walikuwa watu wazima. Mtihani mzito uliwakabili wenye watoto wadogo: mama husema Kihungaria, mwana hujibu kwa Kiingereza cha shuleni. Katika miji kama Cleveland, Marekani, jamii zao ziliendesha madarasa ya mwisho wa juma, na vikosi vya skauti wa Kihungaria vikaifanya lugha hiyo kuwa sharti kwa vijana. Lakini saa chache kwa wiki, kwa maoni yangu, zisingetosha kama mezani nyumbani lugha imenyamaza. Bibi aliyebaki Budapest angeandika barua, na mjukuu asingeweza kuisoma.