Mnataka Kutuoka Walimu Kwenye Kontena?

Haya wadau, leo siandiki habari za bumu kuchelewa wala foleni ya maji hosteli. Kuna jambo limenikaba tangu wiki iliyopita, naomba nilitapike.

Jamaa zetu wa uhandisi wana andiko la mradi. Wanataka kununua kontena kuukuu bandarini Dar, wazikate milango na madirisha, wazipake rangi za kuvutia, wazipeleke vijijini ziwe nyumba za bei nafuu za walimu. Wilaya ya mfano wamechagua Kilwa. Kwa vile mimi ni mtoto wa Nangurukuru na nasoma ualimu, wakaja niweke jina langu. Nimekataa. Wakaniita mshamba nisiyetaka maendeleo. Sawa, mshamba ana haya ya kusema.

Kwa msiopajua, Nangurukuru ni njia panda, karibu kilomita 300 kutoka Dar. Basi linaloenda Lindi na Mtwara linanyoosha, anayekwenda Kilwa Masoko anakata kushoto. Ni pwani, na kuanzia Novemba mpaka mvua kubwa zianze, jua la kule halina mzaha. Na kontena tunazijua, msituone hivi. Zipo barabarani, watu wanauzia vocha, vipuri, saruji. Sasa nenda saa nane mchana umtafute mwenye duka. Humkuti ndani hata siku moja! Yuko nje kwenye benchi chini ya mwembe, mteja akija ndo anaingia, anachukua kitu, anatoka mbio. Huyo ana mwembe na atarudi nyumbani jioni. Mwalimu mnayemjengea, nyumbani kwake ndo humo humo.

Tupige hesabu kidogo, maana jamaa wanapenda namba. Kontena ya futi 20 kwa ndani ina upana wa mita 2.35 na urefu wa mita 5.9. Eneo lake ni kama mita za mraba 13.8, yaani sawa na chumba kimoja cha futi 12 kwa 12, ila kimebanwa kikawa kichochoro. Weka tabaka la kuzuia joto na mbao kila upande, unabaki na mita 2.2 hivi. Kitanda cha tano kwa sita ukikilaza kwa upana, miguuni inabaki nafasi ya mtu kupita kiubavu. Mwalimu ana mke, ana watoto wawili, ana madaftari mia na ishirini ya kusahihisha. Wapi?

Najua mtaniambia vyumba vya majumba ya mawe ya Kilwa Kisiwani navyo vilikuwa vyembamba. Kweli kabisa, kwa sababu upana ulitegemea urefu wa boriti za mikoko. Lakini wale wazee walijenga kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa, na dari wakaipandisha juu. Chuma cha kontena hakifiki hata milimita mbili na nusu. Mchana kinachemka, usiku kinapoa haraka na kuanza kutoa jasho kwa ndani. Bibi yangu anakaa nyumba ya miti na udongo yenye paa la makuti, na mchana ule ule ndani kwake unapata usingizi.

Halafu kuna hii mifano ya ulaya. Kwenye andiko wameweka picha ya Keetwonen, hosteli ya wanafunzi kule Amsterdam iliyojengwa 2005 na 2006, vyumba kama 1,000. Nzuri, sibishi. Ila hawakuandika kwamba vile vyumba havikuwa kontena kuukuu za bandarini, vilitengenezwa vipya China vikiwa na bafu na kila kitu, na juu yake wakaweka paa jingine. Hawakuandika pia kwamba shida ya Amsterdam ni baridi. Picha nyingine ni Mill Junction ya Johannesburg, 2014, kontena zimepangwa juu ya maghala ya zamani ya nafaka. Johannesburg iko juu ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari. Hata zile video za Nairobi mnazonitumia usiku, Nairobi nako ni mwinuko kama huo, watu wanavaa sweta mwezi wa saba. Nangurukuru tunavaa sweta lini?

Tuje kwenye bei, maana neno "nafuu" ndo limewapumbaza wengi. Bei wanayoionyesha ni ya boksi tupu. Boksi tupu la futi 20 lina uzito wa tani mbili na ushee, kwa hiyo unahitaji lori la kulibeba na winchi ya kulishusha, na huko shuleni winchi haipo, inatoka mbali na inarudi mbali. Ukikata ukuta kuweka dirisha umeudhoofisha, maana yale mabati yenye mikunjo ndo yanasaidia boksi lisipinde, hivyo unachomelea fremu ya chuma. Hiyo ni grenda, umeme na fundi mzuri. Sakafu yake ya mbao mara nyingi imetiwa dawa ya kuua wadudu, kuna kibao cha chuma mlangoni kinasema ni dawa gani. Mwanangu hatambai pale mpaka mbadilishe. Unahitaji msingi. Unahitaji choo na jiko nje. Na ili pakalike unahitaji paa la pili la kivuli juu yake, lenye mbao, bati na nguzo.

Hapo nisimame. Mkishakuwa na msingi, na paa, na milango, na madirisha, si mmeshajenga nyumba? Kilichobaki ni kuta tu! Na kuta ndo kitu ambacho udongo wa kwetu unaweza kutupa bila kusafirisha chuma kilomita 300.

Chumvi sitaielezea sana. Chuma cha kontena ni cha aina inayotengeneza kutu ya juu ili ijilinde, lakini karibu na bahari kinga hiyo haishiki vizuri, unabaki kupaka rangi kila mara. Nani atapaka? Mwalimu huyo huyo.

Hoja yao nzito kuliko zote ni mafuriko. Januari 2020 maji yaliua watu Kilwa na nyumba nyingi za udongo zikaanguka, hilo silichezei. Lakini nyumba inaokolewa kwanza na mahali ilipojengwa na msingi ulioinuliwa. Na Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilipokuja, barabara ya Dar na Lindi ilikatika Somanga, magari yakalala pande zote mbili. Kama vifaa vyenu vyote vinatoka Dar, siku hiyo mngepitia wapi?

Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi wamekuwa wakihimiza matofali ya kufungamana kwa miaka mingi. Unapima udongo kwanza, unachanganya na saruji kidogo, unafyatua kwa mashine ya mkono, hakuna kuchoma kuni. Yanashikana yenyewe kwa hiyo udongo wa kujengea ni kidogo sana. Vijana wa kijiji wanajifunza, na wewe mhandisi ukishaondoka ufundi unabaki. Ukitaka kuongeza chumba mwakani unaongeza. Nyie mnaosema "nyumba za vipande vinavyounganishwa", kipande ni hicho, ila hakivutii kwenye picha.

Kwenye fildi mwaka jana nililala kwa mwalimu mwenyeji, bati bila dari, na ikifika usiku tulitoa magodoro barazani. Mwenzake alikuwa ameshaandika barua ya uhamisho mara tatu. Hiyo ilikuwa nyumba yenye madirisha manne.

Kontena siichukii. Stoo ya vifaa vya maabara, ghala la shule, mahali pa kufungia betri za sola zisiibiwe, hapo nakubali kwa mikono miwili. Kwa hiyo jamaa, kama hela ya mradi ipo kweli, nunueni mashine mbili za kufyatulia, likizo nakuja kusukuma mpini. Na kontena moja leteni, tutafungia saruji.